Mshipa wa Chini

Mwaka niliomaliza darasa la saba nilipata jipu la ndani kwenye shavu la mguu wa kushoto. Kwetu wanaliita tambazi, na kila aliyekuja kunitazama alikuja na dawa yake na lawama yake. Mmoja alisema nimeruka mfereji wa watu bila hodi, mwingine alisema ni baridi ya msitu wa Magamba imeniingia, shangazi akasema ni masomo. Mimi nilikuwa kitandani nikiuma shuka. Mgonjwa haulizwi uji, sembuse kuulizwa ameruka mfereji gani.

Msimu wote wa kipupwe nililala na mto chini ya goti, kwa sababu nikiunyoosha mguu nilipiga kelele hadi kuku wanatoka jikoni. Mama aliuweka mto ule kwa huruma, na huruma yake ilikuwa nzuri wakati ule. Jipu lilipasuliwa zahanati, likatoa uchafu wake, likapona. Jirani alituletea ndizi, baba akachinja jogoo, tukamshukuru Mungu. Siku niliposimama kwenda kunawa ndipo tulipoona kwamba mguu umerudi mfupi. Vidole vilifika chini, kisigino kikabaki juu. Mama alipiga magoti, akakishika kisigino kwa mikono miwili na kukivuta kuelekea sakafuni kama mtu anayeng'oa muhogo. Hakikuja.

Nyumbani kwetu ni njia ya kwenda Mlalo, mahali ambapo ukiona kipande cha ardhi tambarare ujue kuna mtu alikichimba kwa jembe ili ajenge nyumba. Kwa mguu kama wangu mlima ulikuwa na maajabu yake. Nikisimama kutazama bondeni, mteremko ulinipokea na kisigino kikagusa udongo, nikapumzika kama watu wengine. Nikigeuka kutazama juu kilining'inia hewani. Kwa hiyo kila nikisimama kupiga soga nilitazama bondeni, hata kama ninayezungumza naye yuko nyuma yangu. Wenzangu wakanitania kwamba nangoja mchumba apande kutoka Mombo. Nilicheka nao. Nikifika nyumbani nilikuwa nalia kwa hasira, maana hakuna mchumba wa Mombo wala wa wapi anayetafuta msichana asiyeweza kupandisha ndoo ya maji kutoka mtoni.

Na kwa kweli sikuweza. Mama ndiye aliyekuwa akichota maji yake na yangu, akibeba kuni zake na zangu. Alikuwa mwanamke mfupi, mwenye shingo ngumu, aliyezoea kubeba kabichi mpaka barabarani kwenye malori. Hakulalamika, ila usiku nilikuwa namsikia akimwambia baba, kwa Kishambaa, kwamba anachoomba kwa Mungu ni kitu kimoja tu: kisigino cha mtoto kifike chini kabla yeye hajaingia kaburini.

Hospitali tuliyokwenda iko kwenye milima yetu hiyo hiyo, na jina lake nitaliacha. Mganga aliyenipima alikuwa mtu mpole, wa makamo. Alinilaza, akanikunja goti, akalinyoosha, akausukuma wayo wangu kwa kiganja, akalikunja goti tena. Kisha akapitisha kidole kutoka shavu la mguu mpaka nyuma ya kisigino, pale penye ule ukamba mgumu ambao kila mtu anao.

"Mama, unauona huu? Huu ndio umefupika. Umeikaza misuli yote ya hapa," alisema. "Dawa yake ni kisu kidogo, wanaurefusha. Kuna bingwa wa mifupa anakuja hapa mara moja moja, na wa miguu hawalipi, kuna wafadhili. Lakini msikae nyumbani. Kwa sasa ni nyama inayokataa. Mkichelewa kifundo chenyewe kitaganda, na hapo tutakuwa tunazungumza habari nyingine."

Mama alimwuliza ule ukamba unaitwaje. Mganga akafikiri kidogo, akasema, "Ni mshipa tu, mama. Sema mshipa." Miaka mingi baadaye niligundua kwamba Kiswahili kina neno lake, kano. Sijawahi kumsikia mtu akilitamka akiwa anaumwa.

Akaandika kwenye kadi kwa Kiingereza, kwa mwandiko ule wa madaktari ambao hata mwenyewe ukimrudishia atakuuliza nani kaandika. Akatuambia twende dirishani tukaandikishwe.

Hiyo ilikuwa miaka ya ruksa. Ruksa kuuza, ruksa kununua, ruksa kuvaa nguo za Wazungu waliokonda na waliokufa. Malori yalikuwa yanapanda milimani matupu na kushuka yamejaa nyanya na kabichi, na watu ambao jana tu walikuwa wakipanga foleni ya sabuni sasa walikuwa wanachagua sabuni kwa harufu. Sisemi ilikuwa mbaya. Nilipenda sabuni. Ila hospitali nazo zilikuwa zimejifunza, na neno lao lilikuwa kuchangia. Zamani uliulizwa unaumwa nini ili utibiwe. Sasa uliulizwa unaumwa nini ili ijulikane uingizwe wapi, kwa maana kila ugonjwa ulikuwa umepewa namba. Namba ilijua ulipe au usilipe, uje siku gani, akushike daktari yupi. Karani alikuwa na karatasi imebandikwa ukutani upande wake, magonjwa yamepangwa kwa Kiingereza na namba zake pembeni. Mgonjwa alikuwa akiingia na maumivu, anatoka na namba.

Dirisha lenyewe lilikuwa juu, lenye wavu wa waya na kitundu cha kupitishia karatasi. Karani aliona nyuso tu. Mguu wangu ulikuwa chini ya dirisha lake, karibu kabisa naye, na hakuuona.

"Shikamoo mama," alisema. Alikuwa kijana safi, mtu wa Tanga mjini, na adabu zake zilikuwa za Tanga mjini.

"Marahaba, baba."

Akaitazama kadi, akaigeuza, akaisogeza kwenye mwanga, akakata tamaa. "Mgonjwa ni huyu binti? Anasumbuliwa na nini?"

Kwa desturi yetu msichana hajibu swali la mwili wake mbele ya mwanaume asiyemjua, na mkubwa wake yupo. Mama akajibu. "Mshipa."

Sasa hapa lazima nieleze, ingawa Mswahili wa pwani ameshaanza kucheka. Mama alipokuwa akisema mshipa alikuwa anauona ule ukamba aliooneshwa kwa kidole. Lakini kwa mtu wa Tanga, ukimwambia fulani ana mshipa, hujamwambia habari ya mguu hata kidogo. Umemwambia fulani ana ngiri, na kama ni mwanaume pengine umemwambia ana busha. Mama hata yeye aliijua maana hiyo, kila mtu anaijua. Ila siku hiyo haikumjia kichwani, kwa kuwa mganga mwenyewe ndiye aliyempa neno.

Karani akashusha sauti. "Mshipa wa wapi, mama?"

Nyuma yetu kulikuwa na foleni ya wanaume. Mama akainamia kitundu. Paja na mguu wa binti si vitu vya kutajwa mbele za watu, akatafuta neno la stara. "Wa chini," alisema.

"Nimeelewa." Na kwa uso aliokuwa nao niliona kweli ameelewa, masikini, ameelewa kabisa. "Unavuta?"

"Unavuta sana. Akisimama ndiyo zaidi."

"Unapanda na kushuka?"

"Umepanda tu, baba. Umekataa kushuka."

Karani akatikisa kichwa kwa huruma. "Pole sana mama. Hilo si la kuchelewesha." Akaandika namba. Hakutaka kutuaibisha kwa swali jingine, na mama hakutaka kumwaibisha kwa jibu jingine, wakaagana kwa heshima zote. Nimefikiri sana kuhusu mazungumzo yale. Laiti mmoja wao angekuwa mshenzi kidogo, mimi ningekuwa natembea.

Tulipoambiwa kuna malipo ya upasuaji, na yalipwe kabla, mama alishtuka, kwa kuwa mganga alisema wa miguu hawalipi. Lakini dirishani mtu haulizi mara mbili. Ukiuliza unaambiwa rudi kesho. Tukarudi nyumbani, na baba akawauzia wafanyabiashara wa lori plamsi zake zote zingali maua juu ya miti. Msimu huo tulikuwa tukiokota zilizodondoka kama wezi kwenye shamba letu wenyewe.

Siku tuliyopangiwa tuliondoka alfajiri. Mama alikuwa amenifulia gauni, akanipaka mafuta miguu yote miwili, na ule mbovu akaupaka zaidi. Njiani alikuwa akisalimia kila mtu, onga makeo huku, onga makeo kule, mpaka nikamwambia sisi hatuendi harusini. Alikuwa na furaha ya mtu aliyekwisha kupata.

Wakatukalisha kwenye benchi refu, na pale benchini hapakuwa na mwanamke mwingine ila sisi. Wazee watupu, wamekaa upande upande, kanzu pana, wengine wamejitandia shuka mapajani. Mzee mmoja alinisogezea nafasi kwa taabu. "Pole mjukuu wangu," alisema. "Kumbe siku hizi hata nyie watoto wa kike?" Nilimjibu shikamoo kwa kuwa sikujua jambo jingine la kumjibu. Mama alikuwa ameanza kutazama huku na huku.

Nesi akatoka. "Wa mshipa, simameni!" Benchi zima likasimama, na mimi nikasimama kwa vidole vyangu.

Alinipeleka nyuma ya pazia, akaniambia nipande kitandani, nipandishe gauni. "Uko upande gani?"

"Kushoto."

Akabonyeza tumboni kwa chini, kushoto. Akaniambia nikohoe. Nikakohoa. Akabonyeza tena, akakunja uso. "Mbona hamna kitu?" Nikamwambia, "Nesi, ni mguu." Ndipo alipougeukia mguu, akaona wayo ulivyoinama wenyewe kama wa mtu anayetaka kuchungulia juu ya ukuta. Akaangua kicheko. Alicheka kweli kweli, akashika ukingo wa kitanda. Kisha nikaona kicheko kimemkatikia.

"Nani kakuleta huku?" alisema. "Wa miguu walipasuliwa juzi na jana. Bingwa ameondoka asubuhi hii."

Mama aliyasikia maneno hayo akiwa nje ya pazia. Akalifungua. Sikuwahi kumwona mama akifungua pazia la mtu bila hodi. "Ameondoka kwenda wapi?" aliuliza.

"Wenyeji wake wamempeleka Irente akaone mabonde, ndipo ateremke zake. Mama, sidhani kama utam..."

Mama alikuwa ameshakaza kanga kiunoni.

Kupitia dirisha la chumba nilimwona akipita uani anakwenda mbio, mama yangu mzima, mtu wa swala tano na mwenye heshima zake. Nesi, Mungu amlipe, alinishika mkono mpaka barabarani akanitafutia nafasi kwenye gari lililokuwa limeshusha maziwa na linarudi upande wa huko. Nilikaa nyuma, katikati ya madebe matupu yaliyokuwa yakigongana. Nilikuwa nasali kwa lugha zote ninazozijua kwamba yule daktari awe mtu wa kupenda mandhari.

Alikuwa mtu wa kupenda mandhari. Gari lilipokata kona niliwaona wamekaa nje kwenye meza, kwenye majani, na mikate na jibini mbele yao. Kando kulikuwa na watalii wachache wenye makamera, wametoka kutazama genge. Na mbele ya meza ile alikuwa mama.

Alikuwa akitembea. Alikuwa ameinua upindo wa kanga mpaka juu ya shavu la mguu, yeye ambaye hata ndugu zake wa kiume hawakuwahi kumwona goti, na alikuwa akitembea kwenda na kurudi mbele ya wanaume wageni kwa vidole vya mguu wa kushoto. Baadaye aliniambia kwamba alipofika alikuwa amejaza maneno kichwani njia nzima, na alipofungua kinywa hakulipata hata moja aliloliamini. Kiswahili chake kilikuwa cha kuuzia kabichi. Neno moja tu la mwilini alikuwa nalo, na neno hilo lilikuwa limekwisha kumfanyia yale. Basi akaacha kusema akatembea.

Na alinijua. Mkono alikuwa ameubana kwenye nyonga kama ninavyoubana. Kila alipotupa hatua bega la kulia lilikuwa likiruka kidogo, na mimi pale kwenye gari nikajishika bega, kwa sababu sikuwa najua kwamba bega langu linaruka. Mtu hajioni akitembea. Nilijiona siku hiyo, na niliona vibaya kiasi kwamba nilitamani dereva apitilize.

Mtalii mmoja alimpiga picha. Pengine alidhani ni ngoma yetu. Mpaka leo nakasirika nikikumbuka kwamba kuna nyumba huko kwao yenye albamu, na ndani ya albamu kuna mama yangu amepandisha kanga. Mwingine alimtilia noti mkononi. Mama aliitazama, akaiweka mezani karibu na mkate, akaendelea kutembea.

Daktari alikuwa ameshasimama. Hakuwa Mshambaa, alikuwa mtu wa bara, mrefu, mwenye nywele za mvi kabla ya wakati. "Mama, inatosha," alisema. "Nimeona. Ni nani nyumbani anatembea hivyo?"

Mama alinyoosha kidole kwangu, nikiteremka garini.

Alinipima pale pale kwenye majani. Akalinyoosha goti, akasukuma wayo, ukakataa. Akalikunja goti, akasukuma tena, na safari hii ukakubali kidogo. Nilimwona akitabasamu kwa kile kidogo. "Bado ni nyama," alisema. "Huu tungeumaliza jana kabla ya chai." Kisha akauachia wayo, maana nadhani aliyasikia maneno yake mwenyewe. Akatuambia vyombo vyake vimefungwa na vimetangulia chini, na kwamba kuna watu wengine wanamngoja huko aendako tangu wiki iliyopita. Atarudi masika yakiisha. Nifunge ubao mguuni usiku, nijinyooshe kila siku, na jina langu liwekwe la kwanza.

"Lakini nani aliyemwandika mshipa?" aliuliza, na nikaona amekasirika. "Nani?"

Nilifungua kinywa nimtaje karani. Mama akaniwahi.

"Ni mimi," alisema. "Mimi ndiye niliyesema hivyo."

Tulirudi dirishani jioni hiyo hiyo kurekebisha. Karani alipoelezwa na nesi aliona haya mpaka akashindwa kututazama. Lakini haya haifuti namba. Akatueleza, kwa upole wake ule ule, kwamba tumelipia mshipa, kwamba malipo ya mshipa hayawezi kuhamia mguuni, na kwamba ili niandikwe wa miguu lazima kwanza nifungwe kitabuni kama mgonjwa wa mshipa, na mgonjwa wa mshipa hafungwi mpaka apasuliwe au afe.

"Mshipa si uko mguuni!" Mama alipiga kelele. Foleni nzima iligeuka. "Si uko mguuni? Njoo nje uone!"

"Najua mama. Lakini kwenye kitabu, mshipa uko tumboni."

Nesi alimvuta mama kando. Mwishowe yeye na yule mganga waliandika barua, nikaingizwa wa miguu, na hela za plamsi zilibaki huko zilikobaki. Sitaki kuzihesabu. Jambo ninalotaka kulisema ni kwamba maneno yale mama aliyompigia karani kelele yalikuwa ya mwisho. Tangu siku hiyo hakusema tena Kiswahili mbele ya mtu wa ofisi. Tukienda kwa mtendaji, tukienda posta, hata dukani kununua dawa ya kuhara, alikuwa akinigusa kiwiko na kunong'ona kwa Kishambaa, nami namsemea. Watu walidhani hajui. Alikuwa anajua. Alikuwa anajiogopa.

Nilijinyoosha kila siku. Mama alikuwa akinikalia mguuni kabla ya swala ya alfajiri, anausukuma wayo kwa kifua chake, tunalia wote wawili, kisha anakwenda kuchota maji. Masika yalikuja kwa fujo. Mlima ulishuka barabarani, malori yakaacha kupanda, kabichi zikaozea mashambani, na bingwa naye hakupanda. Masika yalipoisha tulipeleka watu kuuliza, wakaambiwa subirini. Kisha wakaambiwa wafadhili wamemaliza mradi. Nilipomwuliza mtu mmoja mradi unamalizikaje miguu ikiwa bado ipo, akaniambia nisiwe na maneno mengi.

Basi nikaenda mnadani Mlalo nikajitibu mwenyewe. Kwenye mafungu ya mitumba kulikuwa na fungu la viatu visivyo na wenzake, ambavyo hakuna mwenye akili aliyevinunua. Nilichimba mpaka nikapata kiatu cha kushoto cha mwanamke wa mjini, chenye kisigino kirefu, na cha kulia cha ngozi, flati, cha rangi inayokaribiana. Nikavivaa. Nikasimama sawa. Muuzaji alicheka, akasema dada yangu, wewe ni wanawake wawili, nikulipishe bei ya nani? Nilimjibu anilipishe bei ya yule maskini. Nilitembea kwenda nyumbani nimenyooka, watu wananitazama, na mama aliponiona nikiingia uani alikaa chini kwenye kinu, akalia.

Niliishi kwa viatu vya namna hiyo kwa miaka. Nilijifunza kushona, cherehani nikaikanyaga kwa mguu wa kulia. Nikapata mume, si wa Mombo. Mama hakuacha kuulizia. Kila aliposikia kuna daktari mgeni, iwe Korogwe iwe wapi, alinijia na kuniambia jiandae, na mara nyingi daktari mwenyewe alikuwa wa macho. Kisigino changu kilikuwa kimekuwa ugonjwa wake. Alikuwa akikitaja hata usingizini, baba aliniambia, na alikuwa akikitaja kama mtu anayeomba radhi.

Mara ya mwisho tulikwenda kwa daktari kijana, mwanamke, aliyekuwa amehamia wilayani kwetu. Mama hakuingia ndani. Siku hizo alikuwa ameshaanza kukohoa na kukonda, na vyumba vya madaktari alikuwa akiviogopa kama mahakama. Akabaki kwenye benchi la nje, mikono mapajani.

Daktari akalinyoosha goti langu akasukuma wayo. Akalikunja akasukuma tena. Nikautazama uso wake, nikingoja kile kidogo. Hakikuja. Kwa goti lililonyooka au lililokunjwa, mguu ulikuwa umekaa vile vile kama mpini.

"Hapa sasa ni mfupa, dada," alisema. "Kifundo kimeganda. Kinaweza kukatwa na kupangwa upya, lakini ni kazi kubwa, ni mbali, na siwezi kukuahidi." Akaandika, akasita, akauliza iwapo niliwahi kuonwa na mtu mwanzoni. Nikamweleza kwa kifupi. Hakucheka. Alitazama kalamu yake. "Wakati ule ilikuwa kazi ndogo sana," alisema. "Ungepona kabisa."

Nilivaa viatu vyangu taratibu. Nilikuwa na hasira ambayo sikuwa na mtu wa kumpa. Mlango ulikuwa umeegeshwa tu, na nilipoufungua mama alikuwa ameshasimama pale pale karibu nao.

"Kasemaje?" aliuliza kwa Kishambaa.

Mimi na mama hatukuwahi kuzungumza lugha nyingine tukiwa wawili. Kiswahili kilikuwa cha shuleni na cha watu. Lakini siku hiyo nilimjibu kwa Kiswahili, nadhani kwa sababu kwa Kishambaa nisingeweza kumdanganya.

"Amesema hata wakati ule isingesaidia," nilisema. "Mguu uliharibika kitandani, kabla hatujafika dirishani. Hakuna aliyekosea."

Mama alinitazama. Nyuma yangu daktari alikuwa akiita mgonjwa mwingine. Mama akanishika mkono, akaushika kwa nguvu ambazo sikujua bado anazo, na akanijibu kwa Kiswahili, polepole, akichagua neno moja moja kama mtu anayevuka mto kwa mawe.

"Ahsante, mwanangu," alisema. "Umenisemea vizuri."